Walipogawana Reli, Hawakutuuliza Tutapita Wapi

 Habari ya leo inaanzia kwetu Molo.

Mwezi wa Februari mwaka 1976, Rais Idi Amin wa Uganda alidai hadharani kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda tangu zamani. Shika ramani ufuate dai lile kwa kidole: Molo yote imo ndani, Nakuru imo, Naivasha imo. Wakenya walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Rais wetu, Mzee Kenyatta, alikataa katakata. Lakini liko jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Amin alikuwa ameokota kipande cha historia ya kweli akakitumia vibaya. Hadi mwaka 1902, bonde hili letu lilikuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, Waingereza waliona ni afadhali njia nzima, kutoka Mombasa hadi ziwani, iwe chini ya utawala mmoja. Wakausogeza mpaka kwa kalamu. Mataruma ya Molo yaliyolazwa katika ardhi ya Uganda yakaamka yako katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na wenyeji walioishi kando ya reli hakuna aliyewauliza neno.

Nina sababu ya kuanzia huko. Leo nataka tuzungumze juu ya uhuru wa kwenda na kurudi: mtu wa kawaida kutoka kwao, kuvuka mpaka, kufanya kazi upande wa pili au kuoa huko au kuuza viazi, kisha kurejea bila kuomba radhi kwa mtu. Nataka tutazame uhuru huo unavyopotea pale nchi zilizoungana zinapoachana. Tukitazama tukiwa Molo tutaona vizuri, kwa kuwa mji huu ulizaliwa na reli, na reli ile kwa miaka mingi haikuwa mali ya nchi moja.

Wazee wetu hawakuzaliwa na uhuru huo. Molo ilikuwa katika zile nyanda za juu zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika wa umri wa kufanya kazi alivikwa kipande: karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kuondoka shambani kabla bwana hajatia sahihi lilikuwa kosa la kufungwa. Kipande kiliondolewa mwaka 1947. Miaka mitano baadaye ikaja Hali ya Hatari, na maelfu ya maskwota Wakikuyu wakafukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa, waliobaki wakihitaji kibali kwenda hata wilaya ya jirani. Kwa hiyo ukimsikia mzee wa miaka tisini akiitaja miaka ya 1960 kwa hamu, usidhani anakumbuka ujana wake peke yake. Anakumbuka mara ya kwanza alipopanda garimoshi pasipo karatasi ya Mzungu mfukoni.

Na garimoshi lenyewe lilikuwa la nani? Mwaka 1948 reli ya Kenya na Uganda iliunganishwa na ile ya Tanganyika. Baada ya nchi zetu kupata uhuru, muungano huo haukuvunjwa. Tarehe 6 Juni 1967, huko Kampala, marais Kenyatta wa Kenya, Nyerere wa Tanzania na Obote wa Uganda walitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukaanza kutumika tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Makao yaligawanywa kwa uangalifu ili pasiwepo wa kununa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, na Jumuiya yenyewe Arusha.

Katika stesheni ndogo kama ya Molo, mkataba huo ulikuwa na sura za watu. Stesheni masta, karani wa mizigo, genge la wakaza misumari, wote walilipwa na shirika moja la nchi tatu. Mfanyakazi wa reli aliweza kuhamishwa kutoka Tabora kuja Nakuru, akakaa miaka mitatu, akahamishwa tena Tororo, jinsi leo mwalimu anavyohamishwa kutoka Kuresoi kwenda Subukia. Alikuja na mke, na vitanda, na kuku kwenye tenga. Watoto walianza shule papa hapa. Katika kwota za reli Kiswahili kilikuwa lugha ya mlangoni na ya bombani, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na kabila lake na mara nyingine nchi yake.

Hebu fikirini safari ya wakati ule. Unapanda garimoshi stesheni ya Molo, unavuka Mau Summit, unateremka Londiani na Muhoroni hadi Kisumu. Unatoka stesheni na mzigo wako, unaelekea gatini, na hapo iko meli ya Victoria, iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961. Inakuchukua Musoma, Mwanza, Bukoba, na ukitaka inakufikisha Port Bell, hatua chache kutoka Kampala. Tikiti ni ya shirika lilelile. Mpaka 1966 hata shilingi ilikuwa moja, na baada ya kila nchi kutoa yake, kwa muda zilikuwa na thamani sawa. Mtu wa Molo aliyekuwa na binamu Mwanza aliihesabu safari kwa nauli na chakula cha njiani, basi.

Sitaki kuupamba wakati ule kupita kiasi. Jumuiya ilikuwa hai kabisa, Oktoba 1970, wakati serikali ya Obote ilipowafukuza Uganda maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa Kikenya, wengi wao Wajaluo, vibarua na makuli waliokuwa wamekaa huko miaka na miaka. Tena nchi zetu zilikuwa zimekwisha kutunga sheria za vibali vya kazi, kila moja kivyake. Tukio lile la 1970 lingepaswa kutufumbua macho, nami nitalirudia hivi punde, kwa sababu lilionyesha ufa uliokuwemo ndani ya mkataba tangu siku ulipotiwa sahihi.

Ugomvi wenyewe tunaujua, siutii chumvi. Januari 1971 Amin alipindua serikali ya Obote, Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, na tangu hapo wakuu watatu wa Jumuiya hawakukutana tena kama mamlaka moja. Tanzania ililalamika kwamba viwanda na faida vinajazana Nairobi. Kenya ililalamika kwamba inabeba mzigo wa wenzake wasiolipa. Katikati ya miaka ya 1970 ofisi za mashirika katika kila nchi zilikuwa zimeanza kung'ang'ania fedha zilizokusanywa huko badala ya kuzipeleka makao makuu, na mabehewa yaliyovuka mpaka yakawa hayarudi. Viongozi walirushiana maneno kuhusu ubepari na ujamaa. Yote hayo yalikuwa mazungumzo ya hesabu na ya itikadi. Jina la mpanda garimoshi halikutajwa.

Kisha likaja lile la 1977. Mwezi wa Januari Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikwama, Kenya ikaunda shirika lake, Kenya Airways, na tarehe 4 Februari ndege zake zikaanza kuruka. Siku hiyohiyo Tanzania ilifunga mpaka. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kikenya zilizokuwa upande wa pili zikazuiliwa hukohuko. Tarehe 30 Juni mwaka wa fedha ulikwisha bila bajeti ya Jumuiya kupitishwa. Tazameni ajabu hiyo: hakuna rais aliyesimama mbele ya taifa akatangaza kwamba nchi yake inajitoa. Hapakuwa na kura ya wananchi, hapakuwa na notisi. Waliacha kulipa, na kilicholipiwa kikafa.

Meli ya Victoria ikawa ya Tanzania. Uhuru, iliyobeba mabehewa majini, ikabaki Kisumu. Reli ikawa mashirika matatu. Kule Arusha, majumba makubwa ambamo Wakenya, Waganda na Watanzania walikuwa wakifanya kazi korido moja yakabaki matupu, na mwaka uliofuata Tanzania ikayafanya kituo cha mikutano.

Na watu je? Mchukueni mwanamke mmoja wa kufikirika, msimpe jina, kwa sababu walikuwa wengi wa namna yake. Amezaliwa Musoma. Ameolewa na Mkenya wa reli, wamehamishiwa Molo. Kabla ya Februari 1977 mama yake akiugua, anapanda garimoshi kwenda Kisumu na meli kwenda Musoma, anamwuguza, anarudi. Baada ya Februari, meli haiji. Barabara ya Sirari imefungwa. Ya Namanga imefungwa. Holili na Horohoro vilevile. Kupitia Uganda ni kupita katika nchi ya Amin, na kufikia Oktoba 1978 ni kupita vitani. Mwenye fedha alizungukia nchi ya tatu kwa ndege. Mke wa mfanyakazi wa reli angezipata wapi? Mpaka huo ulifungwa kwa zaidi ya miaka sita. Katika miaka sita mzazi hufa akazikwa, mdogo wako huolewa, mtoto uliyemwacha ananyonya huanza shule. Mambo ya namna hiyo hayakuingia katika hesabu yoyote ya mali ya Jumuiya.

Sasa narudi kwenye ule ufa. Mkataba wa 1967 ulikuwa hodari sana katika habari ya bidhaa. Uliweka ushuru wa pamoja, uliweka kodi maalumu ya kulinda viwanda vichanga, uligawa makao na nafasi. Lakini uhuru wa mtu kukaa na kufanya kazi katika nchi ya mwenzake haukuwekwa humo kama haki. Watu walipita kwa sababu ya mazoea, na kwa sababu mashirika ya pamoja yaliwahitaji wapite. Ndiyo maana Obote aliweza kuwafukuza wale vibarua mwaka 1970 bila kuvunja kifungu. Ndiyo maana 1977 yule mwanamke wa Musoma hakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha. Kilichoondoka kilikuwa desturi nzuri, na serikali ikiamua kuvunja desturi hailazimiki kumjibu mtu.

Kulikuwa na kitu kilichonusurika, nacho kinanikera hadi leo nikikifikiria. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki haikufa. Mwaka 1980, wakati mpaka wa Kenya na Tanzania ungali umefungwa, nchi hizohizo tatu ziliipatia benki hiyo mkataba mpya ili iendelee. Sina ubaya na benki. Imefanya kazi nzuri. Lakini hebu lipimeni jambo hilo. Walipoona ni lazima fedha zivuke, walipata kalamu, wino na meza ya kukalia. Mtu aliyetaka kwenda kumzika mama yake alisubiri miaka mitatu zaidi.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya Rais Moi wa Kenya, Nyerere, na Obote aliyekuwa amerudi madarakani, kukutana Arusha. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Daktari Victor Umbricht, alikuwa amekwenda na kurudi miaka mingi akihesabu nani achukue nini na nani alipe deni lipi, na tarehe 14 Mei 1984 mapatano ya kugawana mali yakatiwa sahihi. Injini ziligawanywa, majengo yaligawanywa. Wafanyakazi wastaafu waliachwa mkiani: huko Tanzania, wale waliotumikia Jumuiya walikuwa bado wanafuatilia mafao yao mahakamani, na makubaliano na serikali yao yalipatikana mwaka 2005, miaka ishirini na minane baada ya kazi yao kufutika. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Na ukienda Maasai Mara, pale lango la Sand River, ambapo zamani watalii walipita kuingia Serengeti, utakuta njia hiyo bado haijarudishwa kwao. Nyumbu wanavuka kila mwaka. Mtalii anazungushwa mamia ya kilomita.

Jumuiya mpya ilizaliwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na safari hii waandishi wa mkataba walikuwa wamejifunza. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inataja watu kwa jina lao: haki ya kuingia, haki ya kutafuta kazi, haki ya kuishi. Tangu Januari 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huingia nchi za wenzao kwa kitambulisho cha taifa. Na sasa kuna mahakama. Aprili 2011, wakili Mkenya Samuel Mohochi alifika uwanja wa Entebbe pamoja na wanasheria wenzake waliokwenda kumwona Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake wakapita, yeye akazuiwa na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa sababu. Alikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na Mei 2013 majaji wakaamua kwamba Uganda ilivunja mkataba. Hiyo ndiyo tofauti ya haki na mazoea, wasikilizaji. Mohochi alikuwa na mlango wa kubisha, na ukafunguliwa.

Hata hivyo, nchi zetu zimegundua namna ya kufunga bila kujitoa. Rwanda ilifunga njia ya Gatuna, mpaka wake na Uganda, mwishoni mwa Februari 2019, na haikufunguliwa hadi Januari 2022. Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Tanzania, Julai 2025, ilitoa amri ya kuwazuia wageni kufanya biashara kumi na tano, kama vile kutengeneza simu, kutuma na kupokea pesa kwa simu, na saluni ambazo haziko katika hoteli au kwa ajili ya watalii. Wakenya walipiga kelele, na kwa haki, maana Itifaki ya Soko la Pamoja inasema vingine. Lakini wakati tunapiga kelele tukumbuke pia Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ghafla, malori yakapanga foleni mipakani.

Sasa najua mkulima wa Molo ana neno lake hapa, naye asikilizwe. Umepanda viazi aina ya shangi, umenunua mbolea kwa bei ya juu, umengojea mvua. Unavuna, broka anakuja shambani anakwambia soko la Marikiti limejaa viazi vya Tanzania vilivyoingia Namanga, kwa hiyo gunia lako bei yake ni hii, uza au lioze. Hapo mtu akikuhubiria umoja wa Afrika Mashariki, unamwona mwongo. Mimi siwezi kumlaumu mkulima huyo. Waru, ndivyo viazi vyetu, imesomesha nusu ya mji huu. Lakini namwomba atenganishe mambo mawili. Bei ya gunia ina dawa zake: maghala ya kuhifadhia, uzito wa gunia kusimamiwa, broka kudhibitiwa, msimu wa mazao kupangwa. Ukiiomba serikali ifunge mpaka kwa ajili ya viazi, hutajua imefunga nini kingine. Mwaka 1977 hakuna aliyekusudia kumfungia mtu wa Musoma. Waligombania ndege na fedha.

Ukifika Namanga siku hizi utaona jambo lilivyo kwa macho yako. Tangu Desemba 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Magufuli walipokifungua rasmi kituo cha pamoja, afisa wa Kenya na afisa wa Tanzania hukaa jengo moja. Unagongewa muhuri wa kutoka, unasogea hatua chache, unagongewa wa kuingia. Nilipopita mimi, mbele yangu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja mwenye vikapu viwili na kitambulisho cha Kenya mkononi. Afisa akamrudisha kwa upole: kwa Tanzania kitambulisho pekee hakitoshi, akatafute pasi ya muda upande wa Kenya. Akatoka nje ya foleni, akaweka vikapu chini ya kaunta, akaenda. Nikawaza kwamba kwa kadi hiyohiyo angefika Kigali. Hata leo, ndani ya Jumuiya moja, ukubwa wa uhuru wako unategemea umegeukia upande gani.

Na tuseme ukweli mwingine, ingawa ni mgumu. Sisi wa Molo hatuhitaji mpaka wa nchi kujua kufungiwa njia kukoje. Mwaka 1992, na tena mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, palikuwa na barabara hapahapa ambazo mtu hakuweza kupita kwa sababu ya kabila lake. Watu walilala kwenye mahema, shamba lao wakiliona ng'ambo ya bonde. Nalitaja kwa heshima ya waliofiwa. Nalitaja kwa sababu mji uliopitia hayo una mamlaka ya kuliambia taifa zima kwamba kupita si jambo dogo.

Tuutazame ulimwengu kidogo. Waingereza walipiga kura tarehe 23 Juni 2016, asilimia 52 kwa 48, wakaamua kutoka Umoja wa Ulaya. Walitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na uhuru wao wa kwenda kuishi na kufanya kazi popote Ulaya ukakoma mwisho wa mwaka huo. Leo Mwingereza mwenye nyumba yake Hispania, kama hana ukaazi, haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Yapo yaliyotugusa na sisi. Desemba 2020 Kenya ilisaini mkataba wa biashara na Uingereza ili maua ya Naivasha, hapa katika kaunti yetu, yaendelee kuingia bila ushuru. Julai 2021 yakaja makubaliano ya wahudumu wa afya wa Kenya kwenda kufanya kazi kule. Wauguzi wetu wamefaidika, sikatai. Ila wanakwenda kwa viza iliyofungwa kwa mwajiri, na hilo, kwa mjukuu wa aliyevaa kipande, linapaswa kutazamwa kwa makini.

Lakini Waingereza walifanya jambo moja ambalo sisi hatukulifanya 1977. Katika mapatano ya kuachana, waliandika kwamba raia wa Ulaya waliokwisha kuwa Uingereza, na Waingereza waliokwisha kuwa Ulaya, wanabaki na haki ya kukaa. Utekelezaji ulikuwa na kasoro zake, wapo walioteseka na makaratasi. Hata hivyo kanuni iliandikwa. Afrika Magharibi nako, Burkina Faso, Mali na Niger zilijitoa rasmi katika jumuiya ya nchi za huko, ECOWAS, tarehe 29 Januari 2025, kwa uhasama mkubwa. Mwezi uliotangulia, nchi hizo tatu zilitangaza kwamba raia wa ECOWAS wataendelea kuingia bila viza, na ECOWAS kwa upande wake ikawaagiza wanachama waendelee kuzitambua pasi za watu wa nchi zile. Wanajeshi na marais waliokuwa hawasalimiani walikubaliana angalau juu ya hilo. Hakuna anayejua litadumu kiasi gani, lakini walilisema kabla ya lango kufungwa.

Kwa hiyo nawapa kazi, na ni kazi ya kweli. Mkataba wa Jumuiya yetu una kifungu kuhusu nchi kujitoa. Kinasema bunge la nchi hiyo lazima lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha nchi itoe notisi ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Hiyo ni hatua nzuri kuliko 1977. Lakini kisomeni muone kama kinamtaja fundi cherehani Mtanzania aliyekaa Molo miaka kumi, au Mkenya mwenye duka la vipuri Mbale, au mtoto wao aliye darasa la sita. Hakiwataji. Hakisemi watakaa kwa karatasi gani siku ya 366.

Wabunge wetu tisa wa Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na wabunge wanaokaa Nairobi, hatuwapigii kura sisi. Njia iliyobaki ni kupitia kwa mbunge wako. Atakapokuja Molo, barazani au mazishini, mwulizeni kama yuko tayari kudai kifungu hicho kiongezwe maneno ya kuwalinda waliokwisha kuvuka. Akisema hakifahamu, mwambieni ni kifungu cha 145, na mpeni wiki mbili alete jibu.